Nimekulia Leicester, mji wa soksi

(Haya niliyazungumza mbele ya watu hapa Mombasa, wengi mkaniomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema, na pale niliporukaruka mtanisamehe.)

Assalaam alaykum, hamjambo nyote. Wazee wangu mlioko mbele, akina mama, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma karibu na mlango ili mtoroke mapema, nimewaona.

Mwenyekiti amenisifu mpaka nikageuka kuangalia ni nani huyo anayesemwa. Lakini kuna neno moja lazima nilirekebishe kabla sijaenda mbali, amesema mimi nimelelewa majuu. Sasa hilo neno majuu mwajua lilivyo, mtu akilisikia anaona nyumba ya bustani na gari na mtoto anakula aiskrimu. Mimi nililelewa kwenye nyumba ya matofali mekundu iliyobanana na wenzake mtaa mzima kama meno, choo kiko uani, maji ya kuoga yachemshwa kwa birika, na huko majuu yaani ghorofani tulikokuwa tunalala kulikuwa na baridi kuliko chini. Asubuhi barafu iko kwenye kioo cha dirisha, na si upande wa nje, upande wa ndani! Twaikwangua kwa kucha tukiandika majina yetu.

Mji wenyewe ni Leicester. Herufi ni nyingi lakini wao wasema Lesta tu, zilizobaki wamezitupa, na mimi siku ya kwanza shuleni nikaisoma yote kama nilivyoiona, Lei-se-sta, darasa zima likaanguka kicheko. Uko katikati kabisa ya Uingereza, bahari iko mbali kila upande, na kwa mtoto aliyezoea kusikia muadhini na mawimbi kwa pamoja ilikuwa kama nimetiwa ndani ya boksi. Na kazi ya mji ule ilikuwa nguo za kufuma. Soksi, fulana, chupi, sweta, halafu viatu, halafu na mashine za kutengenezea hivyo viatu. Watu walikuwa wakifuma soksi majumbani kwa fremu za mkono karne mbili hivi kabla ya viwanda vikubwa kuja, na walikuwa na msemo wao wa kujisifu kwamba Leicester ndiyo inayovisha dunia. Tulipofika sisi bado ulikuwa unakaribia kuwa kweli.

Tulifika Februari 1968, mimi nina miaka saba. Nyinyi wadogo hii historia hamkufundishwa basi niipitishe haraka. Baada ya uhuru mwaka 1963 Wahindi wa Kenya walipewa miaka miwili kuomba uraia, wengine wakaomba, wengine wakasitasita, babangu alikuwa wa kusitasita, akabaki na paspoti ya Kiingereza. Mwaka 1967 zikaja sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara, na mtu asiye raia mambo yakawa magumu. Halafu ikavuma kwamba Uingereza nayo yataka kufunga mlango, kwamba ile paspoti yao wenyewe waliyotupa haitatosha kuingia kwao. Na haukuwa uvumi, sheria ilipitishwa bungeni kwa siku chache tu, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 1968. Babangu aliuza cherehani mbili, kabati na baiskeli, akakata tiketi za ndege, tukaingia zimebaki siku tisa. Siku tisa! Mamangu mpaka leo akichelewa kitu husema, ah, bado zimebaki siku tisa.

Sisi ni Wahindi wa Kikachi, yaani asili yetu ni Kutch huko India, Waislamu, nyumbani Kikachi na Kiswahili vimechanganyika mpaka mimi sikujua neno lipi ni la wapi. Kiingereza tulichokuwa nacho ni cha shule ya Mombasa, na pale hakikusaidia kitu. Wiki ya kwanza mwanamke wa dukani akaniambia "mi dak", nami dak naijua ni bata, nikarudi nyumbani nalia, nikamwambia mama yule mzungu ameniita bata. Kumbe ndivyo wanavyoitana wote, wanaume kwa wanawake, kondakta wa basi, daktari, polisi, wote ni bata wangu, kama sisi tunavyosema mpenzi au mwanangu. Kichochoro cha katikati ya nyumba wakiita jiti, mkate wa duara wakiita kobu, na ukipakiwa kwenye baiskeli ya mwenzako ni krogi. Haya maneno ukiyasema London hakuna anayekuelewa. Mimi nikikasirika mpaka leo Kiingereza kinachonitoka ni hicho cha kwenye jiti.

Lakini nilichokuja kuwaambia hasa ni tiketi. Si za ndege.

Babangu alipata kazi kwenye kiwanda cha vyuma, zamu ya usiku, kwa hivyo babangu wa utotoni mwangu ni mtu aliyelala na pazia limefungwa na sisi twatembea kwa vidole. Mamangu alipata kazi kiwanda cha sweta, kiwanda chenyewe sikitaji, na alikuwa akilipwa kwa kipande. Wazee hapa mkisikia kipande mwafikiria kile cha kuvaa shingoni wakati wa mkoloni, vijana mwafikiria ID, hapana, hiki ni kipande cha kazi, umeshona ngapi ulipwe ngapi, hukushona hukula. Wenzenu mlio na dada zenu kwenye viwanda vya nguo vya EPZ huko mwayajua haya vizuri kunishinda.

Sasa ilikuwa hivi. Sweta haishonwi na mtu mmoja. Vipande vyaja vimefungwa dazeni dazeni, na kila fungu lina kadi yake, na kwenye kadi kuna vitiketi vidogo vimepangwa kama stempu, kimoja cha aliyeunga mabega, kimoja cha aliyetia mikono, kimoja cha kola, kimoja cha vifungo, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mamangu alikuwa wa mikono, kwa mashine ya ovaloki. Akimaliza dazeni anakata kitiketi chake anakitumbukiza mfuko wa aproni, anavuta fungu jingine. Jioni anarudi na mfuko umejaa, na hivyo vitiketi lazima vibandikwe kwenye karatasi, karatasi yenda ofisini, na hiyo karatasi ndiyo mshahara. Kitiketi kikikupotea, kikianguka chooni, kikishikamana na soksi kikaenda, basi dazeni ile umewashonea bure.

Kubandika ilikuwa kazi yangu. Mama akiingia hata koti hajavua amwaga vitiketi mezani, juu ya kile kitambaa cha plastiki chenye maua, na sisi wote marufuku kupumua kwa nguvu. Dirisha hakuna kufungua. Kakangu alikuwa amepigwa marufuku kabisa kukaribia kwa sababu siku moja alijibandika viwili kwenye kope akawa anatisha watu. Mimi navipanga kwanza kwa namba, halafu nalamba, nabandika, nalamba, nabandika, kumi kwa kumi. Gamu ile ilikuwa na utamu wa uongo unaoanza kama sukari halafu unageuka uchungu nyuma ya ulimi, na chakula cha usiku, hata iwe biriani, mimi nilikila kina ladha ya kiwanda. Vidole vya mama vilikuwa vimechanika huku pembeni kwa uzi wa sufu, na akijipaka mafuta ya nazi usiku hawezi kushika karatasi, kwa hivyo ilikuwa lazima mimi.

Na hapo ndipo nilipojifunza hesabu, si shuleni. Mwajua zamani pesa yao ilikuwa shilingi ishirini kwa pauni na peni kumi na mbili kwa shilingi, watu wakiicheka, lakini kwa mtu wa dazeni ile pesa ilikuwa imekaa sawasawa kabisa, peni moja kwa kipande ni shilingi moja kwa dazeni, hata mtoto anapiga kichwani. Mamangu kama nakumbuka vizuri alikuwa apata shilingi moja na peni mbili kwa dazeni. Halafu tarehe 15 Februari 1971 wakabadilisha, pauni ikawa peni mpya mia moja. Shuleni wakatufundisha kwa nyimbo na picha. Kiwandani hawakuimba, walibandika karatasi ukutani kwamba dazeni ya mikono sasa ni peni mpya tano na nusu.

Nikakaa na penseli. Shilingi na peni mbili ni peni mpya tano na nukta nane tatu. Yaani wamekata theluthi moja ya peni. Ah, theluthi ya peni ni nini! Lakini mamangu alikuwa ashona dazeni kama mia mbili kwa wiki, piga mwenyewe, ni zaidi ya nusu pauni, na wakati huo ni mikate sita hivi. Nikamwonyesha. Aliangalia ile karatasi muda mrefu, mamangu hakusoma Kiingereza lakini namba huwezi kumdanganya, akasema kwa Kiswahili, "Hawa wamekuja na pesa mpya ili watuibie kwa adabu."

Hakufanya kitu. Nawaambia ukweli, hakufanya kitu, alikuwa na watoto watatu na mita ya gesi ya kutia sarafu. Ila kuanzia siku ile akaniambia kila kitiketi ninachobandika nikiandike na kwenye daftari langu mimi.

Ikapita kama mwaka. Wiki moja mshahara ukaja pungufu, siku ya Alhamisi yeye alikata vitiketi arobaini na moja na bahasha yaonyesha thelathini na sita. Nikafungua daftari, arobaini na moja, hata kona ya ukurasa nilikuwa nimechora bata. Asubuhi mama akalibeba daftari ndani ya aproni. Mengine yote nayajua kwa kusimuliwa kwa sababu mtoto haingii kiwandani. Anasema alikaa nalo mpaka saa ya chai hajui amwonyeshe nani, Kiingereza chake kimeishia kwenye gudimoning, na jirani yake wa mashine ya kushoto, mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, mvutaji sigara, akamuuliza una nini mi dak. Akamfungulia ule ukurasa. Yule mama akasoma, akazima mashine yake, na mkumbuke naye alilipwa kwa kipande, kila dakika mashine imezimwa ni pesa yake, akalichukua daftari akaenda nalo ofisini peke yake. Kelele zikasikika mpaka kule wanakopiga pasi. Wiki iliyofuata zile dazeni tano zikalipwa, na daftari likarudi limeandikwa alama ya tiki kwa kalamu nyekundu, sijui ni nani aliyeitia, nikaona fahari kuliko tiki yoyote ya mwalimu.

Sasa yule mama, na hapa ndipo pananisumbua miaka yote hii. Uchaguzi wa udiwani wa 1976, kipindi kile chama cha National Front kilichotaka watu wa rangi yetu wafukuzwe kilikuwa kimepata nguvu sana Leicester, na kilizoa kura nyingi mno, nilipita mtaani kwake natoka shule na bango lao liko kwenye dirisha lake. Sikumwambia mamangu. Kumbe alikuwa ajua. Nilipokuja kumuuliza nikiwa mtu mzima alinijibu tu, "Dirisha ni la nyumbani, kiwandani tulikuwa wafanyakazi." Mimi jibu lile halijanitosha mpaka leo lakini sina jingine.

Nirudi nyuma kidogo, 1972. Agosti ile Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Na halmashauri ya mji wetu, Leicester hiyo hiyo, ikalipia tangazo kwenye gazeti la Kampala, Uganda Argus, kuwaambia watu kwa faida yao wenyewe wasije Leicester, nyumba zimejaa, shule zimejaa. Wallahi hakuna tangazo la biashara lililofanya kazi vizuri kama lile. Kuna waliokuja wakasema jina Leicester walilisikia mara ya kwanza kwenye hilo tangazo, wakasema kama wanatukataza kwa nguvu hivi lazima kuna kitu kizuri huko. Zaidi ya watu elfu 27 wakaingia Uingereza na maelfu wakaja kwetu. Chumba chetu cha mbele kilikaa familia ya watu saba kutoka Kampala miezi minne. Ndipo niliposikia Kiswahili cha Uganda kwa mara ya kwanza, mamangu akawa anakirekebisha asubuhi na jioni kama mwalimu, na wao wakamwambia sisi Kiswahili chetu kilitosha kununulia ndizi, mama, hatukuhitaji mashairi. Ile barabara ya Belgrave iliyokuwa na maduka matupu ndiyo hao na wenzao walioifufua, leo kuna dhahabu na sari na mitai, vile vitamu vya Kihindi, na taa za Diwali, sikukuu ya Wahindu, wamezitundika tangu 1983, halmashauri ile ile sasa huziweka kwenye picha za kuvutia watalii. Mimi sijasema kitu.

Halafu 1974. Mwaka ulianza na giza, wachimba makaa ya mawe na serikali wamevutana, viwanda vikaruhusiwa umeme siku tatu tu kwa wiki, nikabandika vitiketi kwa mshumaa, na vilikuwa vichache. Na Mei mosi kwenye kiwanda cha taipuraita cha Imperial, kule East Park Road, wakatoka kwa mgomo wafanyakazi 39, wengi wao watu wetu wa Afrika Mashariki, na kwa siku chache wakawa mamia. Sababu ilikuwa nini? Hesabu. Walikuja kugundua kwamba bonasi ilitakiwa ianze kuhesabiwa mtu akifikisha taipuraita 168 na wao walikuwa wakihesabiwa kuanzia 200. Hilo, na kwamba hawakuwa wakipewa nafasi ya kujichagulia wawakilishi wao. Chama chao cha wafanyakazi kiliwakatalia kuutambua mgomo, kwa hivyo hawakupata hata posho ya mgomo, walikula kwa michango ya jamaa na jirani, na kwa akina mama kama mamangu waliokuwa wakipeleka sufuria getini. Wiki karibu 14. Babangu akisema watafukuzwa wote watuharibie jina, mama akisema jina gani, chapati nyumbani kwetu zilipikwa kwa hasira kipindi kile. Walirudi kazini, lakini mwaka uliofuata wenye kampuni, Wamarekani, wakakifunga kiwanda chote, weupe kwa weusi wakatoka pamoja.

Msifikiri ilikuwa dhiki tupu. Julai wiki mbili viwanda vyote vyafungwa kwa pamoja, mji mzima likizo, na kitu cha kwanza unachokisikia ni kimya, kwa sababu kumbe siku zote kulikuwa na mvumo wa mashine ambao masikio yalishauzoea. Watu wote waenda pwani ya Skegness, kiasi kwamba ukimkimbia jirani Leicester wamkuta pwani amekaa karibu na wewe na sufuria yake. Mamangu mtoto wa Mombasa alikunja suruali chini ya kanzu yake, akaingiza vidole vya miguu, akatoka mbio. "Hii si bahari," akasema, "hili ni friji limefunguliwa." Akakaa kwenye mchanga na blanketi akimenya mayai.

Vile viwanda vimekwisha. Kuanzia miaka ya themanini mpaka tisini vilifunga kimoja kimoja, kazi ikahamia kwenye nchi ambazo mshonaji analipwa kidogo zaidi, majengo yamekuwa fleti za wanafunzi au yamesimama tu na miti inaota kwenye paa. Vimebaki vikarakana vidogo, na mwaka 2020 magazeti ya huko yakaandika kwamba baadhi vinawalipa watu chini ya nusu ya kima cha chini cha mshahara. Chini ya nusu. Nilipoisoma nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama kuna mtoto mwenye daftari.

Namalizia, naona mwenyekiti aangalia saa. Mwezi uliopita nilikwenda Kongowea, kwenye mitumba, natafuta mapazia. Kwenye rundo la sweta za watoto nikaona moja ya bluu, kuukuu, ina lebo ya St Michael, ile lebo ya zamani ya Marks & Spencer, maduka makubwa ya Uingereza, na viwanda vyetu vingi vilishonea hao. Nikaigeuza nje ndani pale pale sokoni, nikatafuta mshono wa kwapani, mahali mkono unapoungana na mwili, kijana wa duka ananiambia mama haina tundu hiyo, ni kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza. Nikailipia shilingi mia. Nikaupiga picha ule mshono karibu karibu, nikamtumia mamangu kwa WhatsApp, yuko huko huko Leicester, atimiza miaka themanini na saba, macho yamepungua lakini aweza kukuza picha kwa vidole.

Nilitarajia alie. Ikaja voisi, ya sekunde nane.

"Huyu si mimi. Mimi siachi uzi unaning'inia hivyo. Huyo alikuwa anawahi basi."